Sanduku Limejaa Besi

Mliniacha wiki iliyopita nimesimama uani kwa dada yangu, simu sikioni, povu la sabuni nusu ya kidevu. Basi bado nimesimama hapo hapo, na povu limeshaanza kukauka.

Kwa aliyenikuta leo njiani: mimi ndiye yule mzee wanayemwita Kiguu na Njia. Nimepika kwenye kambi za barabara, nimelinda maghala, nimesoma darasa la kwanza mji huu na la tatu mji mwingine, la pili sikuwahi kulitia machoni. Nikarudi kwa dada na mumewe na begi moja na magoti mabovu. Kisha, kwa umri ambao wenzangu wanachagua fimbo, nikapenda. Nikampenda mjane wa mji wa pili, fundi wa kushona, mimi namwita Bi Cherehani. Nikamwandikia barua pepe kumwomba tuoane, nikabonyeza tuma, nikakimbilia chooni.

Sasa ndiye huyo kwenye simu.

"Nilikujibu jana," akasema. "Barua imerudi. Inasema sanduku lako limejaa."

"Limejaa nini?"

"Unaniuliza mimi? Sanduku langu hilo?"

"Basi niambie hapa hapa, bibie. Sikio liko wazi."

"Thubutu! Marehemu nilimjibu kwa mdomo, na mpaka anaingia kaburini alikuwa akidai nilisema mengine. Safari hii naandika. Nikimaliza kufunga mizigo naituma tena, mara moja tu. Ikifika, tutajua la kufanya. Ikirudi, napanda gari la mchana nahamia kwa binti yangu, kule nikaogeshe wajukuu mpaka nife."

"Usipande!"

"Safisha sanduku lako, bwana."

Akakata.

Nikaingia ndani mbio, taulo shingoni. Dada alikuwa mezani anachambua mchele. Shemeji alikuwa chumbani na kompyuta yake, mlango umefungwa, sauti nene inatoka kama mashine ya kusaga.

"Dada! Sanduku limejaa! Nakwenda kufuta kila kitu!"

Dada hakuinua kichwa. "Gusa uone."

Hapa nieleze kidogo, la sivyo hamtanielewa. Sanduku lile la barua pepe nililifungua mimi enzi za kuzurura, ili ndugu wanipate. Hawakunipata, lakini sanduku waliliona zuri, wakahamia. Neno la siri wanalo wote. Dada akaingiza picha za familia. Shemeji akaingiza mambo yake. Na humo ndani hatutumiani barua, tutumiane vipi na anwani ni moja? Tunaachiana maneno kwenye rasimu. Ukifungua rasimu zetu utakuta: "Nani kamaliza sukari." Chini yake: "Si mimi." Chini yake tena: "Sijasema ni wewe, mbona umeshtuka?" Nyumba moja, ukuta mmoja katikati, ndivyo tunavyoongea.

"Dada, ni kufa na kupona," nikamwambia. "Jibu la yule mama linarudishwa mlangoni."

Hapo akainua kichwa. Dada yangu amekuwa matroni wa wodi ya wazazi maisha yake yote, akikutazama unahisi ameshakupima joto.

"Picha za mama zimo humo," akasema. "Zile karatasi zenyewe zilioza kwenye mafuriko, zimebaki hizo tu. Hufuti hata nukta mpaka kila kitu kinakiliwe nje, na nikione kwa macho yangu."

"Basi twende kwa Mama Nyaya. Sasa hivi!"

"Na hicho kidevu?"

Nikaenda na nusu ndevu. Haraka haikuwa na kioo siku ile.

Mama Nyaya ana duka la kompyuta kwenye kona, nyaya zimening'inia kila mahali mpaka unaingia umeinama. Alinitazama kidevu, akamtazama dada, akaona asalimie tu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu, fungua sanduku, mapenzi yananipita!"

Alilifungua. Akazipanga barua kwa uzito, zile nzito juu. Kisha akaanza kucheka.

"Mzee, wewe ni mwimbaji?"

"Hata kidogo."

"Mbona hapa juu kote ni 'Besi mazoezi'? 'Besi mazoezi tena.' 'Besi bila tenor.' 'Besi, mafua.'"

Dada akashika kiuno. "Mume wangu huyo."

Shemeji, mjue, ni mstaafu wa posta, na wastaafu wenzake wana kwaya. Yeye ndiye mkuu wa besi. Kila mazoezi anayarekodi, na ili yasipotee anajitumia mwenyewe, yaani anatutumia sote. Miaka na miaka. Picha za mama zimebanwa kule chini kama abiria aliyekaliwa.

"Tutazishusha zote kwenye diski," akasema Mama Nyaya, "na nakala nyingine kwenye flashi. Diski inabaki kwangu, flashi mnaondoka nayo. Nyumba ikipata maji tena, kuna nyingine iko mbali na maji."

"Huyu ana akili," akasema dada.

"Halafu tunazifungua. Kuna watu wananakili alama ya jalada tu, ile picha ya nje, wakirudi nyumbani wanafuta jalada lenyewe. Wanakuja hapa kulia."

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Nimewahi kusukuma lori lililonasa matopeni, lilikuwa na kasi kuliko mstari ule. Nikawa nauhimiza: haya, haya, mama, twende. Jamaa mmoja aliyekuja kurudufu vyeti akaanza kuuhimiza pamoja nami.

Ulipofika mwisho, Mama Nyaya akafungua picha ya kwanza kwenye flashi.

Mama alikuwa kwenye kiti cha uani, anacheka, kichwa kimerudi nyuma, amemshikilia kuku ambaye naye anaonekana kama amesikia kichekesho.

Dada akaipapasa skrini na kidole gumba, pale shavuni, kama anafuta unga.

"Haya," akasema baadaye. "Futa besi."

Nilifuta! Nilifuta kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Besi mazoezi, ondoka. Besi na mafua, nenda ukapone. Kila nikibonyeza jamaa wa vyeti anaitikia "Ondokaa!" Nikafika mwisho, nikanyoosha mikono juu.

Sanduku limejaa.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Nimefuta zote!"

"Ziko kwenye pipa la taka," akasema Mama Nyaya. "Taka nazo zinakula nafasi. Ukifuta, mwaga na pipa."

Nikamwaga pipa. Ule mstari mwekundu wa juu, unaoonyesha sanduku limejaa kiasi gani, ukashuka, ukashuka, sanduku likawa jeupe kama shuka lililoanikwa. Nikamshika Mama Nyaya mikono, nikacheza naye katikati ya nyaya, magoti yakilalamika. Dada akapiga makofi. Jamaa wa vyeti sijui anafurahia nini, lakini alifurahi.

Nikageuka kutazama skrini.

Nyekundu. Limejaa.

"Mama Nyaya! Mashine yako ina wazimu!"

Akainama. "Mashine haina neno. Kuna kitu kimeingia sasa hivi. 'Besi tamasha zima, sehemu ya kwanza.'"

Na kwenye rasimu, maandishi mapya kabisa, bado ya moto:

"Familia, nimeona nafasi imepatikana! Nimeweka tamasha. Naendelea na sehemu ya pili. Shemeji."

Nilipiga simu. Inaita, haipokewi. Anajisikiliza, atanisikia vipi? Nikafuta tamasha, nikamwaga pipa, nikaandika rasimu kwa vidole viwili: "SHEMEJI ACHA."

Rasimu ikajibu: "Niache nini?"

"BESI."

"Shemeji, tafadhali, kwaya ni wito."

Na sehemu ya pili ikaingia. Limejaa.

Nafuta, anaweka. Nafuta, anaweka. Yeye kule anadhani nafasi inajizaa yenyewe, anashukuru. Aliandika kabisa: "Ajabu! Kadiri ninavyoweka ndivyo inavyoongezeka!" Dada alicheka mpaka akakaa chini kwenye boksi la kibodi, akawa anajipepea. Mimi nalia, naye hana mbavu. Mchana unakaribia, mjue. Gari la kwa binti linawasha injini.

Mwishowe dada akampigia kwa simu yake. Hiyo shemeji anaipokea hata akiwa usingizini.

"Mume wangu."

"Naam, mke wangu."

"Shemeji yako anataka kuoa. Wewe unamzibia njia kwa koo lako. Mpe masikio."

Nikanyakua simu. "Shemeji! Nasubiri barua ya maisha yangu, na kila nikifungua mlango wewe unapitisha kwaya!"

"Ah! Samahani, shemeji yangu! Ungesema!"

"Nimesema kwa herufi kubwa!"

"Nilidhani umekasirikia tenor. Sasa nifanye nini?"

"Futa hilo tamasha. Na ukifuta, mwaga na pipa la taka, maana taka nazo zinakula nafasi. Umenielewa? Futa, mwaga."

"Futa, mwaga. Nimeelewa sana."

Tukatulia. Mstari ukashuka, na safari hii ukakaa chini. Tukakaa tunalitazama sanduku wote wanne kama watu wanaosubiri uji uchemke. Ikaingia barua moja, nikairukia. Tangazo la magodoro. Nikalifuta kwa chuki.

Tukangoja.

"Labda hajamaliza kufunga mizigo," akasema Mama Nyaya.

"Labda amebadili nia," akasema jamaa wa vyeti. Dada akamkazia macho, jamaa akakumbuka ana safari, akaondoka bila vyeti vyake.

Nikampigia Bi Cherehani. Simu inatumika. Nikapiga tena. Inatumika.

Mama Nyaya, ambaye vidole vyake havijui kukaa, alikuwa anapekua. Akaingia kule kwenye barua zilizotumwa. Akasimama.

"Mzee. Umemjibu?"

"Nimjibu nani?"

"Hapa kuna barua imetoka kwenye sanduku lako. Sasa hivi. Imekwenda kwa anwani yenye 'cherehani'."

Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Iliandikwa hivi:

"Mama, tumekubali masharti yako yote, wala hatupunguzi hata moja. Njoo haraka, tumekusubiri mno. Wazee tumechoka kuonekana na matambara. Ahsante."

Nikasoma tena. Nikamtazama dada. Dada akaitazama simu.

Akapiga, akaiweka juu ya meza, sauti wazi.

"Mume wangu, kuna barua yoyote umeisoma hapo?"

"Ndiyo! Habari njema! Fundi wa sare za kwaya amejibu. Ana masharti matatu. Nimemkubalia yote, tusije tukampoteza kama yule wa kwanza."

Nikakaa kwenye boksi la kibodi, dada akiwa bado analikalia nusu.

"Shemeji," nikasema taratibu, "huyo si fundi wa sare. Huyo ni Bi Cherehani. Wangu mimi."

Ikatoka sauti ya besi, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia: "Loo."

"Nisomee masharti."

"Shemeji..."

"Nisomee, nasema!"

"Nimeifuta. Nilitaka nafasi kidogo tu, ya wimbo mmoja, nikasema hii nimeshaijibu..."

"Itoe kwenye pipa!"

"Nimemwaga na pipa. Ulinifundisha mwenyewe."

Dada akafunika uso. Mabega yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

"Mtu amestaafu posta!" nikapiga kelele. "Umechambua barua za watu mpaka nywele zimeota mvi, yangu moja unaitupa!"

"Kule hatukuwa tunazisoma, shemeji. Ndiyo maana zilifika."

Nikamgeukia Mama Nyaya. "Nakala! Tumenakili kila kitu!"

Alishaanza kutafuta kabla sijasema. Akatafuta kwenye diski, akatafuta kwenye flashi, akatikisa kichwa.

"Nakala tulichukua asubuhi, mzee. Barua imeingia baada yake, katikati ya ile futa-weka yenu, na kwa wepesi wake ikakaa chini kabisa tusiione. Besi zote zipo, mara mbili mbili. Hiyo moja ndiyo haipo."

"Na chini ya jibu? Barua ya mtu si hubaki chini ya jibu lake?"

"Hakubonyeza jibu. Ameandika upya kutoka mwanzo."

"Mimi huandika upya daima," ikasema simu. "Ni heshima."

Dada akajifuta macho, akainamia simu kama anayeinamia mgonjwa. "Tulia, mume wangu. Vuta pumzi. Barua ilianzaje?"

"Ilianza... 'Nimefikiri sana, na jibu langu ni ndiyo, ila nina masharti matatu.'"

Ndiyo! Amesema ndiyo! Nilisimama, nikapiga kichwa kwenye rafu, nyaya zikanimwagikia kama mvua, wala sikuumia. Amesema ndiyo!

"Keti," akasema dada. "Sharti la kwanza?"

"Kwamba asubuhi asisemeshwe mpaka anywe chai. Nikaona, basi, ni msanii."

"Hilo naliweza!" nikasema. "Hata mpaka adhuhuri!"

"La pili?"

Shemeji akakohoa. "La pili linamhusu dada."

"Dada gani?" akauliza dada, ingawa duka lote tulijua dada gani.

"Kwamba jikoni... Kwamba kutakuwa na majiko mawili, na kila mwenye jiko lake asionje la mwenzake bila kukaribishwa. Nilidhani anaongelea chumba cha kushonea."

Nikamtazama dada usoni. Dada yangu hajawahi kuona sufuria asiionje.

"Ana msimamo," akasema mwishowe. "Haya. La tatu?"

"Sikufika la tatu."

"Jamani!"

"Lilikuwa refu, mke wangu. Lilikwenda mpaka chini ya skrini, na besi walikuwa wanaingia ubeti wa mwisho..."

Nikajiinamia. Mimi huyu, niliyehama miji kwa sababu mwenye nyumba aliniambia nifute miguu, nimekubali sharti refu mpaka chini ya skrini, sijui hata herufi yake.

"Mwambie ukweli," akasema Mama Nyaya. "Mwambie arudie kutuma. Kwake lazima ipo."

"Nimwambieje? Kwamba ndiyo yangu kaiandika mtu mwingine, akidhani anashonewa sare? Marehemu mumewe alimgeuzia maneno tu, mimi nimeyatupa kabisa!"

"Utamwambia," akasema dada. "Akija kugundua mwenyewe baada ya ndoa, mimi sipo. Piga."

Kweli. Nikapiga moyo konde, nikashika simu. Kabla sijabonyeza, ikaita yenyewe. Ni yeye.

"Bibie," nikaanza, "kuna jambo inabidi..."

"Nyamaza kwanza!" Alikuwa anacheka, upepo unavuma nyuma yake, anapaza sauti. "Nimelipata jibu lako! Mzee mwenzangu, nimelia! Watu wote nilipowaambia masharti yangu walisema hakuna mwanamume atakayekubali la tatu. Binti yangu alisema niliondoe. Fundi mwenzangu alisema niliondoe. Wewe hukupunguza hata moja!"

"Ndiyo, bibie, ila kuhusu hilo jibu..."

"Na ulivyosema mmechoka na matambara! Jamani! Nitawashonea, wewe na wazee wote wa hapo!"

Dada ananiashiria: sema. Mama Nyaya ananiashiria: sema. Hata simu ya dada mezani ilinong'ona kwa besi, "Sema, shemeji."

"Bi Cherehani, nisikilize. Hilo la tatu..."

"Umebadili nia?"

Kicheko kikakatika pale pale. Nilisikia upepo tu, na injini.

Sikilizeni. Nimelala chini ya madaraja, nimefukuzwa na mbwa wa kila rangi, sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kimya kile.

"Mimi?" nikasema. "Nibadili nia? Nilitaka kusema hilo la tatu ndilo nimelipenda kuliko yote."

Dada akajipiga paji la uso.

"Nilijua!" akapiga kelele za furaha. "Nilijua nimempata mtu! Basi sipandi gari la kwa binti yangu, nimeshakodi lori. Tuko njiani, mimi mbele na dereva, na mwenyewe wa sharti la tatu yuko nyuma, tumemfunga vizuri, ametulia. Jioni tuko hapo."

"Mwenyewe?" nikasema.

"Ila nina swali moja, na dereva naye anauliza. Mlango wa mbele wa kwa dada yako una upana gani?"

Kabla sijajibu, nyuma yake, juu ya upepo na injini, kuna kitu kilipiga chafya. Dada alikuwa amesimama mbali na simu, akaisikia. Mama Nyaya akaisikia. Shemeji, nyumbani kwake, akaisikia kupitia simu ya pili, akauliza nani huyo anaimba chini kuliko yeye.

Chafya ile haikuwa ya mtu.